Msondo Ulionyamaza Mbele ya Athumani

Ninyi mnaokuja hapa barazani na simu zenu, mkitaka kunipiga picha nimeshika zumari, ketini kwanza. Picha mtapata. Lakini mkiondoka na picha peke yake mtakuwa mmebeba sura ya mzee na kipande cha mti, na mimi sikuishi na vipande vya miti. Niliishi na ala. Zipo zilizonichekesha, na ipo moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nywele za mikono zinasimama.

Karakana ilikuwa Bofu, na mwenyewe alikuwa Fundi Mbaruku, baba mkwe wangu. Mimi nilikuwa kijana wa rika lenu, nafanya kazi kiwandani Changamwe, kubeba magunia kutwa. Nilipomwoa binti yake Mwanasiti, mzee alinitazama mabega akasema, "Rashidi, nguvu hizi unazipeleka kwa magunia bure." Basi nikaacha kiwanda. Mwanasiti alikuwa akinitania kwamba babake aliniozesha wawili, yeye na karakana, na kwamba yeye ndiye mke mdogo.

Ngozi ya kwanza niliyowamba niliianika jua la saa sita. Nilitaka ikauke upesi. Ilikauka, na mteja alipoinama kuitazama ikapasuka kwa mlio wa bunduki. Mteja alikuwa askari aliyerudi vitani, akajitupa chini ya benchi na kofia yake, na tulikaa naye muda mrefu tukimbembeleza atoke. Baba mkwe hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ngozi ikaushwe kivulini, mwanangu. Inataka kusahau polepole kwamba ilikuwa mnyama."

Hilo lishikeni. Ngozi loweka, paka majivu, kwangua nywele kwa kigae cha chupa, usiende kinyume cha nywele. Ukiwamba, anza upande huu, kisha upande unaoelekeana nao, kama mnavyotandika shuka watu wawili. Sisi tulitumia vigingi vya mti mgumu, tuliviita mambo, tukavipigilia kuzunguka mdomo wa ngoma. Baadaye ilikuja misumari, na misumari ni myepesi kazini, lakini hula kutu na kutu hula ngozi. Mimi nimetumia vyote viwili. Mkiniuliza, nitawaambia mambo.

Bandari ilituletea kila aina ya kitu. Mabaharia walivuka feri na mizigo yao wakiulizia fundi wa Bofu. Tulifunga nyuzi mpya za udi wa Mwarabu, tukaziba ufa wa gabusi, kinanda cha Mngazija, tukabadilisha ngozi za tabla za Mhindi mmoja aliyesimama juu yetu akisikiliza kila pigo kama daktari. Wajaluo wa Changamwe walikuja na nyatiti zao, kinanda chenye nyuzi nane ambacho mpigaji hukaa nacho chini na kugonga mti wake kwa pete ya kidole cha mguu. Nyuzi zake za asili zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Sisi tuliwafungia mshipi wa kuvulia, wakacheka, halafu wakapiga, halafu wakaacha kucheka.

Mara moja baharia wa Ghuba alituachia mfuko mzima wa ngozi ya mbuzi uliochomekwa zumari mbili. Unapuliza mfuko, unaubana kwapani, zumari zinalia zenyewe. Tuliuning'iniza ukutani, na adhuhuri Mwanasiti alipoleta chakula ule mfuko ukaguna. Wallahi uliguna kama mtu anayegeuka kitandani. Sinia ikaanguka. Baba mkwe akainuka bila haraka, akauminya, akatuonyesha: kulikuwa na pumzi imebaki ndani, jua la dirishani limeipasha, nayo inatafuta pa kutokea. "Kabla hujasema jini," akatuambia, "tafuta tundu."

Ndivyo alivyokuwa. Feri ilipopiga honi kule kivukoni, ala zote ukutani ziliitikia, ngoma zikivuma chini, nyuzi zikinong'ona juu, na mgeni aliyekuwa ndani alitafuta mlango kwa macho. Yeye aliwaeleza kwamba kitu kilichowambwa sawasawa huitikia sauti iliyo sawa na yake, basi. Lakini kila asubuhi, akifungua kufuli, alisimama kizingitini na kusema, "Sabalkheri, wenyewe." Nilimwuliza siku moja kama anaziogopa.

"Siziogopi," akasema. "Ni adabu."

Sasa nifike pale nilipotaka kufika.

Uhuru ulikuwa unakaribia, na kila mtaa ulikuwa ukitengeneza ngoma zake upya. Kikundi cha ngoma cha Bofu kilikuwa chini ya Mzee Kombo, mtu mrefu, mpole, ambaye sikupata kumwona akiongopa hata kwa mzaha. Asubuhi moja alikuja na msondo umefungwa kwa shuka, ameubeba kama mtoto.

"Hodi, Fundi. Nimekuletea mgonjwa."

"Karibu. Anaumwa nini?"

"Anakuwa bubu."

"Unyevu," akasema baba mkwe, hata hajafunua shuka. "Mvua hizi."

"Si unyevu, Fundi. Anakuwa bubu akifika mtu mmoja."

Msondo ni ile ngoma ndefu, nyembamba, ngozi juu tu, chini wazi. Ndiyo inayoongoza. Wenye chapuo, zile ngoma ndogo, na wenye zumari wote husikiliza msondo, na mpigaji wa msondo ndiye mwenye pigo la kukomesha: mawili ya wazi, halafu moja la kubana, kiganja kikibaki juu ya ngozi. Likipigwa hilo, kila mtu anaacha, hata kama mguu wake uko hewani.

Ule msondo ulikuwa wa Salimu. Tuliutengeneza sisi wenyewe, mimi ndiye niliyetoboa mti wake. Salimu alikuwa mpigaji ambaye watu wa Mtongwe walikubali kuahirisha harusi kumngoja. Mdogo wake, Athumani, alikuwa akipiga chapuo pembeni yake. Kazi yao ya siku zote ilikuwa kuchimba visima, na wao wawili walichimba pamoja kisima nyuma ya nyumba ya Salimu. Salimu alishuka na hakutoka hai. Watu waliokuja mbio walimwopoa kwa kulabu. Athumani aliwaambia kamba ilikatika.

Shida ni kwamba kamba ilionekana. Ilikuwa pale pale, imefungwa kwenye shina la mkorosho, nzima.

Watu hawakusema lolote matangani. Lakini baada ya arubaini, kikundi kilipoitwa harusini, walimpa msondo kijana mwingine. Ukalia vizuri, wanawake wakaanza kucheza. Athumani akatokea na chapuo lake, na msondo ukakata. Mzee Kombo alituambia mpigaji alidhani mkono wake umekufa ganzi. Aliendelea kupiga, na kilichotoka kilikuwa kama kupiga gunia la unga. Athumani alipoondoka kwenda kuchota maji, msondo ukalia. Aliporudi, ukanyamaza. Katika harusi nyingine, Mtongwe, ikawa vile vile, na safari hii kila mtu alikuwa akitazama.

Mke wa Athumani akarudi kwao. Athumani akitoa salamu msikitini, aliitikiwa kwa midomo mifinyu. Na baadhi ya wazee wakataka aapishwe kwa shoka.

Ninyi hamkuviona viapo vile. Shoka hutiwa motoni mpaka liwe jekundu, likapitishwa kiganjani mwa mshitakiwa. Asiye na hatia haungui, ndivyo walivyosema. Mimi nilikuwa nimeona kiganja cha mtu aliyeapishwa, na sikuamini kwamba moto unajua kitu. Athumani alikuwa amekubali. Hilo ndilo lililomtisha Mzee Kombo kuliko ngoma. "Anataka aungue, Fundi," alisema. "Nimemwona macho yake."

Baba mkwe akafunua shuka, akautazama msondo kwa muda.

"Mlete kwangu kabla ya hilo shoka," akasema.

Alikuja kesho yake, asubuhi ya jua kali. Kabla hajaingia tulikuwa tumekwisha kuukagua msondo. Ngozi kavu, imekaza. Mambo yote mahali pake. Mti hauna ufa. Nilipiga, ukalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Shikamoo, Fundi," Athumani akasema mlangoni. Alikuwa amekonda, kanzu inamcheza mwilini.

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Rashidi, endelea kupiga."

Nikapiga. Athumani akavuka kizingiti.

Nitawaambia nilichosikia, na nilichohisi, maana ni vitu viwili. Nilichosikia ni kama Mzee Kombo alivyosema, gunia la unga. Nilichohisi ni hiki: ngozi haikulegea. Ilikuwa ngumu vile vile chini ya vidole vyangu. Lakini kwa ndani, upande wa pili, kulikuwa na kitu kimeegemea. Kama mnavyopiga mlango na mtu yuko nyuma yake amesimama karibu kabisa. Nikapiga tena, kwa nguvu. Kila pigo la wazi lilitoka kama pigo la kubana.

"Toka kidogo," baba mkwe akamwambia Athumani. Akatoka. Nikapiga, ukalia. "Rudi." Ukanyamaza.

Baba mkwe akamwambia aache nje kila alichobeba, mkanda, kofia, hirizi kama anayo. Hakuwa na hirizi. Tukapiga ngoma nyingine zote mbele yake, zikalia. Tukahamisha msondo kwenye kona nyingine, tukautoa uani. Alitafuta tundu, yule mzee. Aliendelea kulitafuta mpaka jasho likamtoka. Mwisho akaulaza msondo ubavu, akaingiza mkono wake wote kwa chini, kule kulikokuwa wazi, mpaka begani, aguse ngozi kwa ndani.

"Piga," akaniambia.

Nikapiga.

Sikumwona akishtuka. Alitoa mkono polepole, akautazama kiganja, akaenda kwenye mtungi akaunawa, halafu akaufuta kwa kanzu yake. Nilimwuliza siku ile alihisi nini, nikamwuliza tena miaka mingi baadaye akiwa mgonjwa. Mara zote mbili alinijibu kwamba yeye ni fundi wa ngozi na mti, na kile hakikuwa ngozi wala mti.

Akaketi juu ya gogo, akamwambia Athumani naye aketi.

"Mwanangu, kamba haikukatika."

Athumani akavuta kanzu yake magotini.

"Mimi si kadhi. Nitakusikiliza tu. Ulimsukuma nduguyo?"

"La, wallahi."

"Basi nini kilitokea?"

Feri ikapiga honi kule chini, ala zote zikavuma, na msondo peke yake haukuvuma.

"Alishuka, akachimba kidogo, akakaa chini," Athumani akasema. "Nikamwita. Hakujibu. Nikajua ni hewa, hewa ya kisima huwa nzito ukifika chini sana. Nikafunga kamba kwenye mkorosho. Nilikuwa nimeshaweka mguu ukingoni nishuke. Akanisikia. Hakuweza kusema, akachukua debe la udongo akaligonga. Mawili, na la kubana." Akakunja ngumi, akaifungua juu ya goti lake, kiganja chini. "Nami nikasimama. Tangu mdogo, akipiga lile mimi nasimama. Nilisimama pale juu, Fundi, mguu ukingoni, nikimtazama utosi. Nilipopata akili ya kupiga kelele, hakuwa akitikisika tena."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba ndugu yangu alikuwa akifa na mimi nimesimama? Afadhali kamba ikatike."

Mzee Kombo alikuwa mlangoni, akageuza uso nje. Mimi nilikuwa bado nimeshika msondo na sikujua niuweke wapi.

"Ungeshuka mngekufa wawili," akasema baba mkwe.

"Najua. Naye alijua."

"Huu msondo umewahi kuugusa tangu siku hiyo?"

"Nitauguseje, Fundi?"

Baba mkwe akauchukua mikononi mwangu, akausimamisha mbele ya Athumani.

"Wapige wengine, unanyamaza. Wewe ukiwapo. Hatujajaribu wewe mwenyewe."

Athumani alitikisa kichwa. Baba mkwe alikaa tu akingoja, kama anavyongoja ngozi ilainike. Mwisho Athumani akanyoosha mkono na kuugonga kwa ncha za vidole, hivi, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoizoea.

Ukalia. Nimesikia misondo mingi, na niliutoboa ule kwa mikono yangu, lakini sikuwa nimeusikia ukilia vile. Sauti ilienda mpaka barabarani, na mwenye baiskeli akasimama.

Sasa, ninyi mtasema mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Baba mkwe alituonya njiani kwenda kwenye kiapo kwamba kama ngoma ilitosha kumhukumu mtu, basi kesho itatosha kumhukumu mwingine, na yeye hataki karakana yake iwe mahakama. Alitaka Athumani aseme mbele ya watu kwa mdomo wake. Wazee walikuwa wamekusanyika uwanjani, mganga amefika na shoka lake limo motoni. Wanawake walikuwa upande wao, na Mwanamisi, mjane wa Salimu, ameketi nyuma kabisa, ametoka eda siku si nyingi, uso umefunikwa nusu.

Athumani akasimama akaeleza. Alieleza vibaya, akirudiarudia, sauti haitoki. Nikaona maneno hayawaingii. Mzee mmoja akauliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Na nani mwingine alilisikia hilo debe?"

"Hapakuwa na mtu."

"Basi tunakuamini vipi, mwanangu? Jana ilikuwa kamba, leo ni debe."

Mganga akageuza shoka makaani. Athumani akaanza kukunja mkono wa kanzu.

Sijui nini kilimwingia. Alikuwa karibu na msondo, Mzee Kombo ameuweka pale. Kabla hajafika kwenye moto, akausogelea na kuupiga. Hakupiga wimbo. Alipiga mawili ya wazi na moja la kubana, polepole sana, kisha kiganja kikabaki juu ya ngozi. "Hivi," akawaambia. "Alipiga hivi."

Hapo Mwanamisi akainuka. Alikuja katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mbali kidogo na shemeji yake.

"Lililia hivyo hivyo," akasema. "Polepole hivyo."

Mzee akamwuliza, "Nini, mama?"

"Debe. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nililisikia kutoka kisimani. Nikamwambia binti yangu, babako amechoka kuchimba, anamaliza ngoma. Tukacheka." Alifuta uso kwa ncha ya leso. "Nilicheka na huku anakufa. Ningelisema hilo kwa nani? Nilisubiri Athumani aseme yeye. Akasema kamba, nikadhani labda nilisikia vibaya. Mtoeni kwenye moto huo. Mume wangu alimkataza asishuke, naye akamsikiliza."

Mtu mmoja akamwaga maji juu ya makaa. Mganga alilalamika kidogo, halafu akafunga mzigo wake. Mke wa Athumani alirudi nyumbani kabla ya mwezi kwisha, na kisima kikafukiwa. Mwanamisi mwenyewe alitaka kifukiwe, na Athumani ndiye aliyebeba udongo.

Msondo haukunyamaza tena, kwa mpigaji yeyote. Mimi niliufungua baadaye kubadilisha ngozi, nikapitisha mkono kila mahali kwa ndani. Ulikuwa mti mtupu, laini, baridi. Lakini nawaambia kweli, niliinuka nikafungua dirisha kabla ya kuendelea na kazi.

Uhuru ulipofika, Athumani ndiye aliyepiga msondo pale Likoni, bendera mpya ikipepea, watu wamejaa mpaka kivukoni. Alipiga, watu wakalia. Na wimbo ulipofika mwisho, sote tukingoja akomeshe, hakukomesha. Aliinua mikono yake juu, akaiacha hapo. Wenye chapuo wakatazamana, hawajui wafanye nini, wakaanza kupunguza, mmoja akaacha, mwingine akaacha, zumari ikavuta pumzi yake ya mwisho, mpaka pakawa kimya. Alifanya hivyo maisha yake yote. Lile pigo hakulipiga tena, wala hakumfundisha mtu. Vijana waliojifunza kwake walidhani ndivyo ngoma inavyomalizwa, nao wakawafundisha wenzao.

Juzi nilipita uwanjani nikawakuta mkifanya mazoezi. Mlipofika mwisho, mpigaji wenu wa msondo akainua mikono, na ninyi mkapunguza, mkafifia, mkaacha mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wenu aliniona nimesimama, akaja kunieleza kwa fahari kwamba huo ndio mtindo wa Bofu, tangu zamani za mababu.

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ndio mtindo wetu.